Hita ya Tangi la Maji Moto (Sehemu ya Pili): Nyaya, Swichi na Ethi

Hita ya ndani ya tangi ni waya wenye ukinzani uliopitishwa katika mrija wa chuma na kuzungukwa na unga wa oksidi ya magnesiamu, unga ambao hupitisha joto na kuzuia umeme. Hita iliyozoeleka majumbani ni ya kilowati 3. Kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 13 hivi, na ili lita 100 zitoke nyuzi 20 hadi nyuzi 60, hufanya kazi saa moja na nusu bila kupumzika.

Huko kutopumzika ndiko kunakoamua nyaya zake. Birika la umeme huvuta kiasi kinachokaribia hicho, lakini huzima baada ya dakika chache. Soketi inayovumilia birika miaka mingi huungua polepole ikipewa hita: vibano hulegea, plastiki hugeuka rangi, na mwisho plagi huyeyuka mahali pake. Kwa hiyo hita haichomekwi kwenye soketi. Hupewa njia yake yenyewe kutoka kwenye bodi, kwa waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba na sakiti breka ya ampea 20. Safari ikiwa ndefu, au waya ukipita juu ya dari chini ya bati lenye joto, milimita 4 ndizo zinazofaa.

Karibu na tangi, mahali ambapo anayeoga hawezi kupafikia, huwekwa swichi ya ampea 20 inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Swichi inayokata waya mmoja haitoshi. Fundi akiwa amebadilisha nyaya kimakosa, swichi hiyo hukata nyutro tu. Taa yake huzimika na hita hupoa, ilhali laivu ingali inasubiri mkono wa anayefungua kifuniko. Kutoka kwenye swichi hadi kichwa cha hita hutumika kebo laini inayostahimili joto, kwa kuwa ganda la PVC la kawaida limetengenezwa kwa nyuzi 70 tu.

Ndani ya kichwa, laivu hupita kwanza kwenye thamostati ndipo iingie kwenye hita; nyutro huenda moja kwa moja upande wa pili; ethi hukazwa kwenye bamba la chuma. Thamostati huwekwa nyuzi 60: chini sana ya hapo bakteria wa Legionella huweza kuzaliana tangini, na juu yake maji huunguza na chokaa huganda upesi. Hita nzuri ina pia kinga ya pili, inayokata umeme thamostati ikikwama na kurudishwa kwa mkono. Kuiruka kinga hiyo kwa kipande cha waya ni kuacha maji yachemke ndani ya chombo kilichofungwa.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni ethi. Zamani mabomba ya chuma yaliyotoka ardhini yaliweza kulisaidia tangi kumwaga umeme uliovuja. Mabomba ya plastiki ya siku hizi hayana msaada huo, hivyo mrija wa hita ukitoboka, tangi na maji yake hutegemea waya wa ethi peke yake. Na breka haitoshi kuokoa maisha. Fito ya ethi iliyochimbiwa udongo mkavu ikiwa na ukinzani wa omu 20, umeme unaovuja hauzidi ampea 11.5, na breka ya ampea 20 haitatikisika hata kidogo. Kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, cha miliampea 30, ndicho kinachouhisi uvujaji huo na kukata mara moja. Hita bila kifaa hicho isiwashwe.

Tangi lenye hita mbili, ya juu kwa maji machache na ya chini kwa tangi zima, huhitaji swichi ya kuchagua moja. Zikiwaka pamoja huvuta ampea 26.

Kabla ya kuwasha, tangi hujazwa mpaka bomba la maji moto litoe maji bila hewa, maana hita kavu huungua upesi sana. Umeme ukiwa umezimwa, hita hupimwa kwa mita: omu 17 au 18 kati ya ncha zake, na kati ya ncha na bamba, kwa kipimo cha volti 500, isipungue megaomu 1. Baada ya kuwasha, kitufe cha RCD hubonyezwa kuhakikisha kinakata. Maji yakishapata moto, umeme huzimwa tena na vibano vyote hukazwa upya, kwa sababu joto la mara ya kwanza huvilegeza.