Laptopu imezeeka? Weka mfumo wa pili kwenye diski ya nje

Wengi mmeniuliza kuhusu Windows 10. Ni kweli, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga huduma yake ya kawaida, na Windows 11 inataka mashine yenye TPM 2.0. Laptopu yangu ya mtumba hapa Nshambya haina, na hela ya nyingine sina.

Nilichofanya: Windows nimeiacha ndani, maana printa na hesabu za zamani ziko huko. Linux Mint nimeiweka kwenye diski ya nje, ile ya kutunzia muvi. Ni ya bure, inakuja na Firefox kwa ajili ya WhatsApp Web, na LibreOffice inayofungua faili zako za Word na Excel. Unahitaji bando la karibu GB 3, fleshi ya GB 8, na diski ya nje yenye angalau GB 20 (ukipata 100 ni vizuri zaidi). Faili la Mint unaliandika kwenye fleshi kwa programu ya balenaEtcher. Fleshi inafutwa yote, diski ya nje nayo itafutwa, kwa hiyo hamisha muvi zako mapema.

Sasa sikiliza hapa, ndo niliumia. Mara ya kwanza nilipiga Mint huku diski ya ndani ikiwa mahali pake. Ikaonekana imekubali. Kumbe ile sehemu ya kuwashia iliingia diski ya ndani! Nikachomoa ya nje, nikaenda kufungasha mzigo wa senene wa Dar. Kurudi, nawasha laptopu: kioo cheusi na neno grub, basi. Orodha yote ya wanaonidai na ninaowadai imo ndani. Siku mbili nimejibu wateja kwa kubahatisha, mpaka fundi akairudisha.

Mara ya pili nikazima kabisa, nikatoa chaja na betri, nikafungua skrubu za chini na kuichomoa diski ya ndani. Hapo hata ukichagua "Erase disk", kitakachofutwa ni ile ya nje tu, na sehemu ya kuwashia haina pengine pa kwenda. Kama ya kwako haitoki kirahisi, mpe fundi, lakini mwambie hivyohivyo kwa mdomo wako.

Ukimaliza, rudisha diski ya ndani. Ukitaka Mint, chomeka ya nje, washa huku unagonga F12 (HP nyingi ni F9), uichague. Usipoichomeka, Windows inawaka kama zamani.

Tumia tundu la USB la bluu kama lipo, lina kasi. Na usiichomoe Mint ikiwa inafanya kazi, hata kama mtoto anataka muvi. Aliyekwama aandike aina ya laptopu yake hapo chini, nitajibu jioni nikifunga duka.