Mwanga Mtamu, Bei Chungu: Gemu Inapoingia Kwenye Bajeti Yenu

Tuseme mnaishi Makuyuni, wilayani Korogwe. Wewe ni mwalimu, mwenzio ni muuguzi. Jioni vipindi vimeisha, zamu imekwisha, kilichobaki ni kochi, skrini na padi mbili za gemu. Raha iliyoje! Mara mwenzio anakugeukia: “Mpenzi, tubadilishe kompyuta bwana. Hii yetu haina rei tresingi.”

Rei nini? Na hela inatoka wapi?

Kabla hamjanuniana, hebu tuelewane kwanza hiki kitu ni nini, maana kimeshawatoa wengi mshiko.

Siri iko kwenye miale

Ukisimama chini ya mkuyu saa saba mchana, utaona jua linavyopenya majani na kumwaga vidoa vya mwanga ardhini. Kivuli cha shina kina ukingo mkali, cha tawi la juu kimefifia. Mtu mwenye shati jekundu akisimama karibu na ukuta mweupe, ukuta nao unapata wekundu kidogo. Hakuna aliyepanga. Ni miale ya jua inagonga hapa, inadunda pale, mpaka inafika kwenye jicho lako.

Gemu za miaka mingi zilikuwa zinaigiza mambo hayo kwa ujanja. Vivuli vingi vilipakwa mapema kama rangi, na kioo kilionyesha picha iliyoandaliwa kabla. Rei tresingi haiigizi hivyo. Kompyuta inafuata mwale mmoja mmoja, kuanzia kwenye jicho la mchezaji, kupitia kila nukta ya skrini, mpaka kwenye kitu unachokitazama, halafu inauliza: taa iko wapi? Kuna kilichoziba katikati? Mwale unadunda kwenda wapi?

Wazo si geni. Mwaka 1980 Turner Whitted, aliyekuwa Bell Labs huko Marekani, alichapisha maelezo ya njia hii pamoja na picha ya mipira inayong'aa. Picha moja tu ilichukua dakika 74 kukamilika! Watengeneza filamu walivumilia, kwa sababu filamu inaweza kusubiri. Gemu haisubiri mtu.

Ndipo Septemba 2018 Nvidia ilipoanza kuuza kadi za RTX, zenye sehemu maalumu ya kukokotoa miale. Novemba 2020 PlayStation 5 na Xbox Series X zikaingia sokoni na uwezo huo. Mambo yakawa moto.

Kinachokula nguvu ni nini?

Twende kwenye hesabu, usikimbie! Skrini ya kawaida ya HD kamili ina nukta 2,073,600. Ili gemu iende laini, picha zinabadilika mara 60 kwa sekunde. Ukipeleka mwale mmoja tu kwa kila nukta, hiyo ni miale zaidi ya milioni 124 kila sekunde, na bado haijaanza kudunda.

Kompyuta ina takriban milisekunde 16.7 tu za kumaliza kila picha. Mwanga huo ukiongeza milisekunde 8.3, unashuka kutoka picha 60 hadi 40 kwa sekunde. Unabonyeza kitufe, mhusika anachelewa kuruka. Gemu inaanza kuwa nzito mkononi.

Yaliwakuta wachezaji wa Battlefield V Novemba 2018. Vioo na madimbwi vilikuwa bomba, lakini hata kwenye kadi ya RTX 2080 Ti, iliyouzwa na Nvidia yenyewe kwa dola 1,199, kuwasha miale kwa kiwango cha juu kulikata kasi karibu nusu. Mwezi uliofuata marekebisho yalipunguza maumivu, ila somo lilibaki: mwanga unalipiwa kwa kasi.

Na unalipiwa kwa noti pia. Oktoba 2022 kadi ya RTX 4090 ilitoka kwa dola 1,599. Kwa kiwango cha mwaka ule ni zaidi ya shilingi milioni 3.5, bila kodi wala usafiri. Hela hiyo mtu ananunua pikipiki na kuanza biashara. Kadi yenyewe inaweza kuvuta wati 450. Ichape kwa nguvu zote saa 3 kila usiku kwa siku 30, inakula uniti 40.5 za LUKU. Hapo hujahesabu skrini wala kompyuta yenyewe.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Kabla ya kufungua pochi

Jaribuni pamoja. Chezeni dakika 15 miale ikiwa imewashwa, kisha dakika 15 imezimwa, gemu ileile, sehemu ileile. Kama mnabishana ipi ni ipi, hela yenu ina kazi nyingine.

Washeni nusu. Gemu nyingi zinaruhusu kuchagua vivuli peke yake au vioo peke yake.

Tumieni ujanja. DLSS ya Nvidia na FSR ya AMD, iliyoanza 2021, huchora picha ndogo kisha kuikuza, na kasi inarudi. FSR ya mwanzo inafanya kazi hata kwenye kadi nyingi za zamani.

Chagueni kulingana na gemu. Za mbio na mpira zinataka wepesi. Za hadithi, za kutembea taratibu, ndizo mwanga unapendezesha.

Usimkejeli mwenzio, lakini. Gemu ya Indiana Jones and the Great Circle, iliyotoka Desemba 2024, haichezeki kabisa kwenye kompyuta isiyo na kadi ya miale. Kwa hiyo anayeomba kadi mpya si lazima awe anataka sifa. Huenda ameona mlango unafungwa.

Basi kaeni chini, wekeni tarehe na kiasi cha kuchanga kila mwezi, baada ya kodi ya nyumba na chakula. Mkikubaliana mwaka kesho, iwe mwaka kesho kweli. Hakuna kadi inayoweza kung'arisha sebule ambayo wawili hawasemeshani.