Kinga, Usugu na Istilahi za Viwavijeshi

Mfasiri anayeandaa kijitabu cha wakulima wa Matembwe, mkoani Njombe, hukutana mapema na neno moja lililotwishwa mizigo mitatu. Neno hilo ni kinga. Kwalo huelezwa mwili unaopambana na maradhi, dawa inayopulizwa kabla wadudu hawajatokea, na hata kiwavi asiyekufa kwa dawa. Makala haya yanakusudia kuitenga mizigo hiyo kwa mfano wa kiwavijeshi, adui wa zamani wa mahindi.

Kiwavijeshi ni nondo mchanga. Yai huangua kiwavi. Kiwavi hula, hujivua ngozi mara kadhaa, kisha huingia ardhini na kuwa pupa. Viwavi wakiwa wachache huwa na rangi ya kijani na hujificha nyasini. Wakisongamana huwa weusi mgongoni na hutembea mchana kwa makundi. Hawa si spishi mbili. Jeni zao ni zile zile. Kinachotofautiana ni jeni zipi zifanye kazi, lini, na kwa kiasi gani.

Aghalabu jambo hilo hutafsiriwa “udhibiti wa jeni”. Lakini kwa bwana shamba, udhibiti ni kuzuia na kuangamiza, kama katika “udhibiti wa wadudu”. Akisoma “udhibiti wa jeni za viwavi” atadhani ni dawa mpya. Twapendekeza “uratibu wa jeni”, kwani hapa hakuna anayeangamizwa. (Wasemaji wetu waliwapa panzi na nzige majina mbalimbali kitambo, hali ni mwaka 1921 tu Boris Uvarov alipoeleza kwamba mdudu mpweke na yule wa makundi waweza kuwa spishi moja.)

Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba viwavijeshi weusi huvistahimili virusi kuliko wenzao wa kijani. Penye msongamano maambukizo huenea upesi, hivyo mwili hujiandaa mapema. Weusi huo ni melanini, na kimeng’enya kinachoitengeneza hushiriki pia kuwazingira vijidudu vinavyoingia mwilini. Hii ndiyo kinga hasa. Hata hivyo, mfasiri asiandike “kingamwili za kiwavi”: mdudu hana kingamwili kama za binadamu.

Usugu ni jambo jingine. Dawa ile ile ikipulizwa msimu baada ya msimu, wachache wanaosalimika huzaa, na uwezo wao hurithiwa. Kinga ya kiwavi mweusi huamshwa na msongamano katika maisha yake mwenyewe. Kijitabu kikisema “viwavi weusi ni sugu”, mkulima aweza kuongeza kipimo cha dawa bila sababu. Tofauti hiyo yawahusu pia wanaotumia virusi kama dawa, njia iliyokwisha kujaribiwa mashambani kaskazini mwa Tanzania: afadhali kupuliza viwavi wakiwa bado wadogo.

Limebaki jina la kiwavijeshi vamizi, mgeni kutoka mabara ya Amerika aliyegunduliwa Afrika mwaka 2016 na kuripotiwa Tanzania mwaka 2017. Yeye hujichimbia ndani ya majani machanga ya katikati ya mhindi, na dawa iliyopulizwa juu juu haimfikii. Mhariri anayelifuta neno “vamizi” ili kubana nafasi huwa amebadili na ushauri wenyewe.