Ukiingia Kanisani Ugenini Kando ya Ziwa Nyasa



Wakati wa likizo iliyopita nilishuka ziwani kwa shughuli ya familia, nikalala nyumba ya wageni katika kijiji kimoja cha mwambao. Asubuhi ya Jumapili kengele ikalia. Nikavaa shati jeupe, nikaifuata. Sikumwuliza mtu. Mimi nimekulia milimani Mbinga, na kwetu kengele ya Jumapili haina maswali: ni ya parokia au ni ya kigango, basi.

Nikaingia, nikakaa nyuma upande wa wanaume. Uvumba ulikuwapo. Mishumaa, watumishi wa altare, padre mwenye kasula, watu wanapiga magoti pale pale ambapo nami ningepiga. Somo, Injili, mahubiri, Nasadiki. Hata Ishara ya Msalaba ilikuwa ileile. Nilishtuka tulipofika Sala ya Ekaristi: Baba Mtakatifu hakutajwa, na askofu aliyeombewa sikuwa namjua. Nilikuwa katika kanisa la Anglikana, na Komunyo ilikuwa dakika chache mbele yangu.

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kuuliza kitu ni nini kabla ya kuuliza kinafanana na nini. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume. Lakini kosa langu lina historia, na mgeni wa Nyasa ni vizuri aijue.

Milimani Injili ilipanda kwa miguu. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walianzisha Peramiho mwaka 1898, na mwaka uliofuata wakafika Kigonsera. Ndiyo mizizi ya Jimbo la Mbinga lililoundwa mwaka 1986, lenye kanisa kuu la Mtakatifu Kiliani. Ziwani Injili ilikuja kwa mashua. UMCA, yaani misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza iliyozaliwa baada ya wito wa David Livingstone kule Cambridge mwaka 1857, ilikuwa na makao yake kisiwani Likoma, na kutoka huko wamisionari wakazunguka vijiji vya mwambao. Padre William Percival Johnson alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 40, akafa Liuli mwaka 1928. Waanglikana hawa walipenda liturujia ya kale: uvumba, kengele, maungamo, mavazi kamili. Ndiyo maana Mkatoliki akiingia huko asiyeuliza mlangoni anaweza kufika katikati ya ibada akidhani yuko nyumbani.

Basi mstari wa Komunyo ukaanza. Mzee wa kanisa akafika kwenye benchi letu, akanionyesha njia kwa mkono, kwa heshima kabisa. Nikatikisa kichwa. Akaonyesha tena. Benchi zima likapita mbele ya magoti yangu, nikabaki peke yangu kama mtu aliyetengwa kwa dhambi kubwa. Nakiri kwamba wazo la kwenda tu, ili nisionekane, lilinijia. Nani angejua?

Kanisa letu linatambua ubatizo wa ndugu zetu Waanglikana; Mwanglikana akiingia Ukatoliki habatizwi upya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristo, unatufundisha kuwaita ndugu na kusali nao. Kwa hiyo kuwapo kwangu pale, kuimba na kusali, hakukuwa kosa. Komunyo ni jambo jingine. Kanuni ya 844 ya Sheria za Kanisa hairuhusu Mkatoliki kuipokea kwa mhudumu ambaye Kanisa halitambui daraja lake, na juu ya daraja la Anglikana Papa Leo XIII alishatoa uamuzi mwaka 1896. Tena kupokea ni kusema. Anayepokea anatamka mbele ya wote kwamba yeye na wale walio pale ni wamoja katika imani na katika uongozi wa Kanisa. Ningetamka kwa mwili wangu jambo ambalo bado si kweli, na ningewadanganya wale wale walionikaribisha.

Mwishoni wageni tukaombwa kusimama. Hapa wengi hujificha, na si vizuri. Nikasema jina langu, kwamba natoka Mbinga, kwamba ni Mkatoliki na ni frateri. Wakapiga makofi. Padre akacheka, akasema frateri amepotea njia lakini amepotelea pazuri. Mke wake, aliyekuwa kwenye kwaya, akacheka kuliko wote.

Nje kulikuwa na mnada wa matoleo: mihogo, dagaa, kuku wawili. Bibi mmoja akanisogelea, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekataa chakula?"

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, kwa maneno machache. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba yeye alizaliwa Mkatoliki huko juu, akaolewa ziwani, na kila akienda kwenye msiba kwa ndugu zake hubaki benchini kama nilivyobaki mimi.

"Kwa hiyo mnangojana," akasema.

"Ndiyo, bibi. Tunangojana."

"Basi ngojaneni upesi. Mimi nimeshazeeka."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Katika darasa letu uekumene ni mada. Kwa bibi yule ni benchi analokalia kila akizika ndugu.

Kwa hiyo wewe unayeshuka Mbamba Bay, Liuli au Lituhi kwa kazi au kwa ndugu, uliza tangu Jumamosi kanisa ni la nani na kigango chetu kiko wapi. Ukijikuta kwa majirani, usitoke katikati ya ibada. Sali nao, toa sadaka, na wakati wa Komunyo kaa bila kuona haya. Wakikuita wageni, simama useme ukweli wako. Na usikimbilie gari. Baki kwenye mnada. Mimi nilirudi Mbinga na kuku mwekundu mapajani. Bibi ndiye aliyemnunua, akanikabidhi mbele ya watu wote.