Rula ya Mwanafunzi na Mnyororo wa Pikipiki

Baina ya Kigoma na Ujiji, na katika njia za vumbi ziendazo vijijini kandokando ya Ziwa Tanganyika, pikipiki hubeba abiria, dagaa na mihogo. Vipuri vyake vingi hutoka ng'ambo, hupokewa Dar es Salaam, kisha husafirishwa zaidi ya kilometa 1,200; na gharama hiyo yote humwangukia mnunuzi. Kwa kijana anayempelekea mwenye chombo hesabu kila jioni, mnyororo ulioisha kabla ya wakati wake ni chakula kilichopungua nyumbani.

Kwa nini mnyororo huisha? Husemwa kwamba umevutika. La hasha: kinacholika ni pini na bushi zilizomo katika kila kiungo. Vumbi la kiangazi lina chembe ngumu za mchanga; likichanganyika na mafuta machafu, husaga chuma mfano wa msasa.

Ulaji huo hupimika kwa rula ya sentimita 30. Pikipiki nyingi ndogo hutumia mnyororo namba 428, ambao kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7. Zima injini, ondoa ufunguo, kaza mnyororo kwa mkono, kisha pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Nafasi zilizomo ni 20, si 21. Mnyororo mpya utatoa 20 × 12.7, yaani milimita 254. Ukifikia milimita 259, umezidi kwa asilimia 2 hivi, nao wapaswa kubadilishwa. Pima mahali patatu, kwani haulingani kote.

Milimita 5 katika nafasi 20 ni milimita 0.25 tu kwa kila nafasi. Hata hivyo, mnyororo wenye viungo 120 utakuwa umeongezeka milimita 30. Huo hupanda juu ya meno ya sproketi na kuyachonga yawe kama kulabu. Hapo kipuri kimoja huwa vitatu: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena waweza kukatika na kulikaba gurudumu katika mwendo.

Kinga yake ni rahisi. Usugue kwa brashi na mafuta ya taa, kamwe si petroli, ambayo mvuke wake huwaka upesi. Ukaushe, utie mafuta ya gia huku ukizungusha gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa; kisha pangusa yaliyozidi. Usiukaze kupita kiasi, kwani utaumiza beringi. Wala usiuoshee ziwani: maji huleta kutu, na mafuta huchafua ziwa litupalo kitoweo.

Walimu wa fizikia wanaweza kulifanya hili zoezi la darasa: pimeni mnyororo mmoja kila mwezi, mchore grafu ya urefu na muda. Mstari huo utabashiri mwezi wa kununua mnyororo mpya, ili fedha iwekwe akiba mapema, nayo isitumike kabla ya haja.