Je, Wajua? Maiki mbili zinaitosha kwaya nzima

Kwaya ikitoka Kurui, wilayani Kisarawe, kwenda studio Dar es Salaam, haihitaji maiki kwa kila mwimbaji. Maiki mbili za kondensa, zinazonasa hata pumzi, huwatosha waimbaji ishirini. Redio ya Ufaransa iliweka kipimo kinachotumika hadi leo: maiki ziachane sentimita 17, zikitazama pande mbili kwa pembe ya nyuzi 110. Stendi isimame mita moja au mbili mbele ya mstari wa kwanza, juu kuliko vichwa, maiki zikielekea mstari wa nyuma. La sivyo, sauti ya kwanza iliyo mbele itaimeza ya nne iliyo nyuma. Mwenye sauti kali arudi nyuma hatua moja. Atanuna, lakini arudi.

Ukiongeza maiki nyingine zaidi ya hizo mbili, umbali kati ya maiki uwe walau mara tatu ya umbali wa kutoka maiki hadi mwimbaji. Zikibanana, sauti ileile huzifikia kwa kupishana kidogo, mawimbi mengine yakafutana, na kwaya ikasikika kama imo ndani ya pipa.

Stendi nayo si lazima: Hugh Tracey, aliyerekodi muziki Tanganyika mwaka 1950, alishika maiki mkononi, akiisogeza mwenyewe kwa wanamuziki. Jenereta aliiweka mbali, mlio wake usiingie kwenye rekodi.