Kufundisha Kupogoa Mimea

Mara nyingi wanafunzi hupewa mapanga na kuambiwa waisafishe bustani ya shule. Matokeo yake ni mti uliokatwa ukiwa karibu kuchanua. Somo la kupogoa lianze kwa swali: mmea huu hutoa maua wapi?

Hapa Wingwi, mifano iliyo karibu ni asmini na mkarafuu. Asmini huchanua kwenye machipukizi mapya. Kwa hiyo hupogolewa maua yakiisha, au masika ya Machi hadi Mei yanapokaribia, ili mvua iyakuze machipukizi. Matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayosuguana huondolewa kwanza. Kisha tawi lenye afya hufupishwa kwa mkasi mkali, nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, mkato ukiinama ili maji yasituame. Mmea usipunguzwe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja.

Mkarafuu haufai kupogolewa hivyo. Vichala vyake hutokea kwenye ncha za matawi. Avunjaye tawi wakati wa kuchuma hupunguza mavuno yajayo.

Katika kufundisha, mwalimu aonyeshe mkato mmoja. Kisha kila kundi la watoto wanne lifunge uzi kwenye tawi linalofaa kukatwa na lieleze sababu. Ndipo lipewe mkasi. Baada ya wiki tatu wahesabu machipukizi.

Tusilipuuze somo hili. Watoto hawa ndio watakaoipanda mikarafuu ya wazazi wao msimu ukifika.